Ni dhambi kupokea Komunyo bila kufunika kichwa?

SWALI: "Naomba msaada. Mimi ni Mkatoliki wa kuzaliwa, nimeolewa na nina binti wa miaka saba. Tangu mwaka jana niko kwenye grupu la sala la akina mama wanaopenda Misa ya zamani ya Kilatini, karibu wote wanavaa mtandio wa lesi kanisani na mimi nikaanza kuupenda. Sasa mmoja kanitumia meseji kwamba sheria ya kufunika kichwa haijawahi kufutwa, ipo kwenye Biblia, na anayepokea Komunyo kichwa wazi anamkosea Mungu, tena na binti yangu nimfunike. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema nitaonekana nimebadili dini. Wenzangu wa kwaya wanasema Mtaguso, ule mkutano mkuu wa maaskofu kule Vatikano, ulipiga marufuku hayo mambo. Dominika iliyopita nilipangiwa kusoma somo la kwanza, nikasahau mtandio nyumbani, nikasoma huku natetemeka na wakati wa Komunyo nikabaki kwenye benchi. Nifanye nini? Na rangi je, ni kweli nyeusi ni ya walioolewa tu?"

JIBU: Pole sana dada yangu. Nianze na lile lililoniuma kuliko yote, kwamba ulibaki kwenye benchi. Hukutakiwa kubaki. Kuwa kichwa wazi kanisani sio dhambi, sio ya mauti wala nyepesi, na hakumzuii mtu kupokea Ekaristi, kwa hiyo kama hukuwa na jambo lingine zito kwenye dhamiri yako basi ulijinyima bure kabisa, Dominika ijayo nenda kapokee, uwe na mtandio au usiwe nao. Na hili nalo nikwambie mapema ili usome yaliyobaki ukiwa umetulia: kuvaa mtandio hakujakatazwa na mtu yeyote. Wanaokuvuta huku na wanaokuvuta kule wote wamepotoka, kila mmoja kwa upande wake, na mimi ambaye kazi yangu ni sheria za Kanisa swali hili nakutana nalo sana, mara nyingi likiwa limeshaleta mnuno nyumbani.

Tuanze na sheria, manake ndo silaha aliyokutumia mwenzio. Ni kweli ilikuwepo. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1917, kanuni ya 1262, ulisema wanaume wakiwa kwenye ibada wawe vichwa wazi, isipokuwa kama desturi njema za watu wa mahali au mazingira fulani yanataka vingine, na wanawake wafunike vichwa na wavae kwa heshima, hasa wanapoiendea meza ya Bwana. Kanuni hiyohiyo, kifungu chake cha kwanza, ilisema pia kwamba inapendeza wanawake wakae kanisani mbali na wanaume kama ilivyokuwa nidhamu ya zamani. Hapo huwa nacheka kidogo, kwa sababu hawa wanaosambaza kanuni ya 1262 kwenye simu sijaona hata mmoja anayekataa kukaa benchi moja na mume wake.

Kabla ya 1917 ilikuwa desturi tu, ila desturi ya zamani mno. Kuna kitabu cha kale cha maisha ya Mapapa kinachosema aliyeagiza ni Papa Lino, yule aliyemfuata Mtakatifu Petro, wanahistoria wengi hawaitegemei hiyo taarifa lakini inaonyesha watu wa kale walivyoichukulia desturi yenyewe kuwa ya tangu mwanzo. Tertuliano wa Karthago, mwandishi Mkristo wa zamani, naye mwanzoni mwa karne ya 3 aliandika kitabu kizima kudai kwamba hata wasichana mabikira wajifunike na sio wake za watu peke yao, na mtu haandiki kitabu kizima kubishania jambo ambalo wote wanakubaliana, yaani mjadala huu wa nani afunike na nani asifunike tumeurithi, hatukuuanzisha sisi.

Sasa Mtaguso. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikaa kuanzia 1962 hadi 1965 ukatoa hati 16, na kwenye hati zote hizo hakuna hata mstari mmoja unaozungumzia wanawake kufunika vichwa. Haukukataza, haukuruhusu, haukugusa kabisa. Kwa hiyo wenzako wa kwaya waambie taratibu kwamba hicho kitu wamekisikia tu. Kilichotokea ni cha kawaida zaidi: miaka ile kofia za kinamama zilikuwa zinatoka kwenye fasheni huko Ulaya na Marekani, wanawake wakaanza kuingia kanisani kichwa wazi, na aliyeogopa kukemewa alikuwa anachomoa leso kwenye mkoba, au hata karatasi ya tishu, anaiweka juu ya nywele na kuibana kwa pini, akitoka nje anaitupa. Ukifika hapo ujue desturi inakufa. Mwaka 1969 magazeti yakaandika kwamba Vatikano imeshaondoa wajibu huo, na Annibale Bugnini, aliyekuwa mstari wa mbele kwenye marekebisho ya liturjia, akakanusha kwamba sheria imebadilika. Alikuwa sahihi, kwenye makaratasi sheria ilikuwa bado hai, ni benchini tu ilikuwa imeshazimika.

Halafu ikaja hati ambayo mwenzio hakukutumia. Tarehe 15 Oktoba 1976 Idara ya Mafundisho ya Imani, wakati wa Papa Paulo VI, ilitoa tamko lake kuhusu kwa nini Kanisa haliwapi wanawake daraja ya upadre, linaitwa Inter Insigniores. Ndani yake kuna sehemu inajibu hoja ya watu waliokuwa wanasema kama maagizo ya Mtume Paulo kuhusu mtandio yamepitwa basi na mengine yamepitwa, na jibu la Idara likawa kwamba wajibu wa wanawake kufunika kichwa ulikuwa suala la nidhamu, tena lisilo na uzito mkubwa, na kwamba masharti ya namna hiyo hayana tena nguvu ya kulazimisha. Hati iliyosema hivyo ni hati ya kihafidhina kabisa, inatetea msimamo ambao hata hao wamama wa grupu lako wanautetea, kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kusema ni maneno ya watu wa usasa.

Mwisho wake ni mwaka 1983. Papa Yohane Paulo II alitangaza Mkusanyo mpya wa Sheria mwezi Januari, ukaanza kutumika Dominika ya kwanza ya Majilio mwaka huohuo, na kanuni ya 6 ya mkusanyo mpya inasema waziwazi kwamba ule wa 1917 umefutwa. Kanuni ya 1262 haikurudishwa popote. Ndo imeondoka hivyo. Na angalia kitu ambacho watu hawakioni: siku ileile iliondoka pia sheria ya wanaume kuvua kofia! Lakini mwanaume akiingia kanisani leo na kofia utaona wazee wanavyogeuka. Hakuna kanuni inayomvua ile kofia, anavuliwa na heshima ambayo watu wenyewe wameamua kuishika, na wanawake wanaopenda mtandio wana haki ileile ya kushika ya kwao.

Kuna hoja moja ya upande wa pili ambayo ni ya kisomi kweli na sitaki niipite, manake ukiingia kwenye mjadala na hao wamama utakutana nayo. Wanasema kanuni ya 28 ya sheria mpya inalinda desturi za miaka mia na zile za tangu enzi zisizokumbukwa, kwamba sheria haiziondoi mpaka izitaje kwa jina, na mtandio haukutajwa, kwa hiyo wajibu upo palepale kama desturi. Ni hoja nzuri. Shida yake ni kwamba kanuni hiyohiyo inaanza kwa kusema desturi inaweza kuondolewa na desturi iliyo kinyume nayo, na desturi inaishi kwa jumuiya kuishika ikijua inawajibika. Waamini wengi sana dunia nzima wameacha kwa miongo na miongo, maaskofu wao wanawaona na hawasemi kitu, na Roma yenyewe imesema haina nguvu tena. Mtu anaweza kuipenda hiyo hoja, ila hawezi kuichukua kama fimbo na kumwambia mwenzie anamkosea Mungu. Hata Kardinali Raymond Burke, ambaye wapenzi wa Misa ya zamani wanamheshimu sana na wakati huo alikuwa mkuu wa mahakama ya juu ya Kanisa, alipoulizwa mwaka 2011 alijibu kwa barua kwamba kwenye Misa ya zamani wanawake wanatarajiwa kufuata desturi ya kufunika, ila kutofunika sio dhambi. Kutarajiwa na kulazimishwa ni vitu viwili tofauti, na ukienda kwenye Misa ya namna hiyo funika, ni heshima kwa wenyeji, hakuna ubaya wowote.

Tuje kwenye Biblia, manake najua bado moyo wako unakwambia "lakini Paulo alisema". Alisema, 1 Wakorintho 11, na sitaki nikudanganye kwamba ni maneno mepesi. Soma mwenyewe kuanzia aya ya 2 hadi ya 16 kwa mkupuo mmoja, usisome ile aya moja iliyokatwa na kuwekwa kwenye picha. Utaona Paulo anahangaika, anajaribu sababu moja baada ya nyingine: anaanza na mpangilio wa nani ni kichwa cha nani, anakuja kwenye aibu, anataja uumbaji, anataja malaika bila kueleza anamaanisha nini, halafu aya ya 11 na 12 anajirudi mwenyewe na kusema katika Bwana mwanamke si kitu bila mwanaume wala mwanaume bila mwanamke, manake mwanaume naye huzaliwa na mwanamke, anaendelea kwenye urefu wa nywele, na mwisho anamaliza kwa kusema mtu akitaka kubisha, sisi hatuna desturi hiyo wala makanisa ya Mungu. Anamalizia kwa desturi.

Korintho ulikuwa mji wa bandari, koloni la Warumi, na Mrumi mwanaume akitoa sadaka kwa miungu yake alikuwa anavuta vazi lake analifunika kichwani. Mke wa mtu wa heshima naye kufunika kichwa akiwa nje ilikuwa sehemu ya kuonekana ni mke wa mtu. Kwa hiyo Paulo anapowaambia wanaume wasifunike na wanawake wafunike anaongea na watu ambao kila mtu barabarani alijua kusoma hizo alama. Kinachobaki cha kudumu hapo ni kwamba unavyosimama mbele ya Mungu mwili wako uongee heshima. Kitambaa ni namna mojawapo.

Na hukuona aya ya 5? Inasema mwanamke *anaposali au kuhutubu*. Yaani hao wanawake wa Korintho walikuwa wanatoa sauti kwenye kusanyiko, na kosa ambalo Paulo analijadili sio ile sauti. Nakwambia hili kwa sababu ya kutetemeka kwako pale kwenye mimbari ya masomo. Ulikuwa unafanya kazi uliyopewa na Kanisa, ukaifanya, basi.

Sasa, kwa nini basi mtu avae kama sio lazima? Hapa wamama wa grupu lako huenda wana kitu cha kukupa. Wengi wanakwambia kwamba kwenye liturjia kinachofunikwa ni kitu kitakatifu: kalisi, kile kikombe cha divai, inafunikwa, siborio, chombo chenye hosti, inawekewa kitambaa, tabernakulo inayotunza Ekaristi nayo kwa utamaduni wa zamani inawekewa pazia, na mwanamke anayebeba uhai naye anafunikwa. Ni tafakari nzuri, imewasaidia wengi kusali, ila ujue ni tafakari ya ibada, haikuandikwa kwenye kanuni ya 1262 na Paulo hakuitumia. Wengine sababu yao ni ndogo zaidi na mimi ndo naipenda: wakishusha mtandio pembeni ya uso hawaoni nani kavaa nini benchi la tatu, wanamwona padre na altare tu. Na usidhani mambo ya kichwa ni ya wanawake peke yao, mwangalie askofu akiadhimisha Misa, kile kikofia chake kidogo kinavuliwa kabla ya Sala ya Ekaristi na hakirudi kichwani mpaka baada ya Komunyo. Kila mmoja ana alama yake.

Upande wa pili wa shilingi upo pia. Alama ya unyenyekevu ikivaliwa ili kuwapima wengine inageuka kuwa kitu kingine kabisa, na mimi nimeshaona makundi ambayo aliyesahau mtandio anasalimiwa nusu nusu. Jiulize tu wewe mwenyewe: tangu uanze kuvaa, unasali zaidi au unahesabu zaidi vichwa vya wenzio? Kama ni la kwanza, endelea. Kama ni la pili uweke kabatini kwa muda, hautaoza.

Mume wako namwelewa, ila kwa historia kakosea. Paulo aliandika ile barua miaka ya 50, Uislamu ukaja karne ya 7, kwa hiyo Wakristo walikuwa wanafunika vichwa karne nyingi kabla hajatokea mtu wa kuwafananisha naye, na sanamu ya Bikira Maria aliyopita mbele yake maisha yake yote sijui yeye anadhani imevaa nini. Lakini usiende kumshinda kwa historia. Hofu yake sio kitambaa, hofu yake ni grupu, anaona mke wake anapokea maagizo kutoka kwa watu asiowajua na anarudi nyumbani amenyong'onyea. Mwonyeshe hili jibu, mwambie sio lazima na hujalazimishwa, na kwamba unapenda kwa sababu hii na hii. Mwanaume akishajua sio amri ya mtu wa nje wengi wanalegea. Asipolegea kwa sasa, subiri, hakuna sheria unayoivunja kwa kusubiri, wakati amani ya nyumba ukiivunja kuirudisha ni kazi. Unaweza kuanza kwenye kuabudu Ekaristi siku za wiki ambako hamko wote.

Binti yako muache. Akikuona akataka, mpe kidogo cha saizi yake, akichoka katikati ya Misa akakivua usimkemee. Mtoto wa miaka saba yuko kwenye umri wa kujifunza Komunyo ni nini, asije akajifunza kwamba Yesu anamkagua nywele.

Rangi haina sheria. Ile ya nyeusi kwa walioolewa na wajane, nyeupe kwa wasichana, ni desturi iliyokuja pamoja na mantila, ile mitandio ya lesi ya Kihispania, na haijawahi kuwa kanuni ya Kanisa zima. Inachanganywa pia na itifaki ya Vatikano ambako kwa utamaduni wanawake wakionana rasmi na Papa huvaa nyeusi, na ni malkia wa Kikatoliki wachache, kama wa Hispania na Ubelgiji, wenye ruhusa ya nyeupe. Wewe huendi kwa itifaki. Vaa ya bluu, ya kahawia, hata mtandio wa kawaida, Kanisa halijawahi kudai lesi. La msingi kitambaa kisiteleze. Lesi ya nailoni juu ya nywele laini inashuka kila ukiinamisha kichwa, na utajikuta kwenye mageuzo, padre anapogeuza mkate na divai, wewe uko bize na mtandio, kwa hiyo shonea kibanio kidogo au kitana kwa ndani hapo juu ya paji, ujaribu nyumbani kwa kupiga goti na kuinuka, ukiona umeshuka tafuta wa pamba. Na zile pande za mbele zisiwe ndefu za kukuzuia kupokea hosti.

Kuna wakati maandishi ya mtu wa mbali kama mimi hayatoshi. Padre au mhudumu yeyote akikunyima Komunyo kwa sababu ya kichwa wazi, kaongee na paroko, na ikibidi askofu, kwa sababu kanuni ya 843 inasema wahudumu hawawezi kuwanyima sakramenti wanaoziomba kwa wakati unaofaa, wakiwa wamejiandaa vizuri na hawajazuiwa na sheria. Hilo grupu likianza kufundisha kwamba Misa unayosali parokiani kwako sio halali, au kwamba Papa sio Papa, hapo suala sio mtandio tena, mwone paroko mapema kabla hujazama.

Na la mwisho linakuhusu wewe binafsi. Kutetemeka kwa sababu ya kitambaa kilichobaki nyumbani na kuacha Komunyo, kama ni mara moja ni presha tu ya ile meseji. Ila kama inakutokea na kwenye mambo mengine, unarudia maungamo yaleyale, unahisi kila kitu ni dhambi, usikae nayo peke yako. Tafuta padre mmoja wa kuungama kwake kila mara, usiwe unazunguka kwa wengi, mweleze hivi ulivyonieleza mimi pamoja na ile habari ya kubaki kwenye benchi, halafu akishakwambia jambo fulani sio dhambi usiende kuuliza tena kwenye grupu.